Besi ya Mpigaji wa Mwisho wa Wiki: Namna ya Kuinunua, Kuipiga Jukwaani na Kuiuza

Mwongozo huu nauandikia mtu ambaye Jumatatu hadi Ijumaa yuko kazini kwake, na Jumamosi usiku yuko nyuma ya mwimbaji katika ukumbi wa harusi wa Sinza, Mbagala au Tegeta, akiwa na gitaa la besi begani. Anachopata kwa usiku mmoja ni posho, na gitaa lake likiharibika hana la akiba. Mtu huyu hawezi kumudu kununua mara mbili, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo inahusu ukaguzi unaofanyika kabla fedha haijatoka mfukoni. Miaka kumi na minne ya kupiga besi kwa ridhaa jijini Dar es Salaam imenifundisha kuanzia kwenye shingo ya gitaa, kisha kwenye nyaya zake, na jina lililoandikwa kichwani kulisoma mwisho kabisa.

Hatua ya kwanza: amua unatafuta besi ya namna gani

Besi nyingi utakazokutana nazo, ziwe mpya za Kariakoo au za mtumba zilizoingia kwenye kontena, zimefuata mifano miwili iliyotoka kwa Leo Fender wa Marekani: Precision, iliyoanza kuuzwa mwaka 1951, na Jazz, iliyofuata mwaka 1960. Zote mbili zina urefu wa uzi wa inchi 34, yaani takriban milimita 864 kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa. Tofauti yake utaihisi mkononi. Shingo ya Jazz huwa nyembamba upande wa kichwa, kiasi cha milimita 38, ilhali ya Precision hufika 41 au zaidi, na mwenye vidole vifupi huona nafuu kwenye Jazz. Precision ina pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) moja iliyokatwa vipande viwili, na sauti yake ni nzito ya katikati, inayokaa vizuri chini ya magitaa mawili au matatu bila kuhitaji marekebisho mengi. Jazz ina pikapu mbili, kila moja ikiwa na kitufe chake cha sauti, hivyo hukupa rangi nyingi zaidi za sauti. Ukikuta Jazz inavuma kidogo pale unapopunguza kitufe kimoja, kisha inanyamaza unapovifungua vyote viwili hadi mwisho, usidhani ni mbovu, kwa sababu pikapu zake zimefungwa kwa namna ya kufutiana mvumo na hufanya hivyo kikamilifu zikiwa sawa kwa nguvu.

Kwa anayeanza, nashauri nyuzi nne. Uzi wa tano wa chini, ambao hutoa mtetemo wa takriban hezi 31, unahitaji spika kubwa ambazo kumbi nyingi za kwetu hazina, na mara nyingi hadhira husikia ngurumo tu pale ambapo wewe unasikia noti. Uzi wa chini wa besi ya kawaida, Mi, una hezi 41, na hata huo spika ndogo huupata kwa shida.

Jambo la mwisho la kuamua ni betri. Besi zenye saketi ya ndani ya kukuza sauti hutumia betri ya volti 9 na hutoa sauti safi yenye nguvu, lakini betri ikiisha katikati ya wimbo gitaa hukoroma kisha hunyamaza. Mimi hupiga isiyo na betri. Ukichagua yenye betri, chomoa kebo kila unapoliweka gitaa chini, kwa sababu katika besi nyingi za aina hiyo kuchomeka kebo ndiko kunakowasha saketi, na kebo iliyoachwa usiku kucha humaliza betri.

Hatua ya pili: gawa fedha yako kabla ya kwenda dukani

Wengi humaliza fedha yote kwenye gitaa, kisha wakapanda jukwaani na kebo ya kuazima. Tenga sehemu ya kebo mbili nzuri, mkanda mpana, begi lenye sponji, tyuna (kipima noti) ya kubana kwenye kichwa cha gitaa na seti moja ya nyuzi za akiba. Mkanda usiuchukulie kuwa pambo: besi huwa na uzito wa kilo tatu na nusu hadi tano, na kuibeba kwa saa nne kwenye mkanda mwembamba kunaumiza bega hadi Jumatano. Amplifaya inaweza kusubiri, kwa kuwa kumbi nyingi na wakodishaji wa vyombo wanazo. Ya nyumbani iwe ndogo, lakini iwe ya besi kweli, maana spika ya amplifaya ndogo ya gitaa la solo haikutengenezwa kwa noti za chini na huweza kupasuka ukiibebesha mzigo huo kwa sauti kubwa.

Hatua ya tatu: kagua gitaa kwa mkono, kwa jicho na kwa umeme

Besi yangu ya kwanza niliinunua jioni moja umeme ukiwa umekatika. Muuzaji alinihakikishia kuwa kila kitu kinafanya kazi, nami nikaridhika kwa kuwa rangi ilikuwa inang'aa na nilikuwa na onyesho siku mbili baadaye. Umeme uliporudi nyumbani niligundua kuwa pikapu ya karibu na daraja ilikuwa imekufa, na fundi alipojaribu kurekebisha shingo akakuta kichwa cha chuma cha ndani, kinachozungushwa ili kuinyoosha shingo, kimelika kabisa, spana inazunguka bila kushika. Tangu hapo sinunui gitaa mahali pasipo na umeme, hata kama bei imeshuka kwa nusu.

Anza na shingo. Liinue gitaa mpaka kitako chake kiwe karibu na jicho, kisha tazama kando ya shingo kuelekea kichwani kama fundi seremala anavyotazama ubao. Mkunjo mdogo wa kuinama mbele ni wa kawaida na hurekebishika. Usichokitaka ni shingo iliyojipinda kama kamba inayosokotwa, ambapo upande wa uzi mnene umekwenda huku na upande wa uzi mwembamba umekwenda kule, kwa sababu hiyo haitengenezeki kwa gharama ambayo mpigaji wa ridhaa ataimudu. Kumbuka kwamba nyuzi nne za besi zikiwa zimekazwa huivuta shingo hiyo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, usiku na mchana, kwa miaka yote ya uhai wa gitaa. Kinachopambana na mvuto huo ni chuma kilichopita ndani ya shingo. Omba kufunuliwa tundu lake, ingiza kispana cha pembe sita kinacholingana, na uhakikishe kwamba kinashika. Usikizungushe, kwani gitaa bado si lako.

Kisha piga kila uzi kwenye kila freti (vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo), moja baada ya nyingine, polepole. Kazi hii huchukua kama dakika tano, na wauzaji wengine huanza kuguna, lakini vumilia. Unasikiliza noti inayokwaruza, noti inayokufa haraka kuliko jirani zake, na noti mbili za freti mbili tofauti zinazotoa sauti ileile, ambayo ni dalili ya freti iliyoinuka. Pitisha pia kiganja pembezoni mwa shingo. Ncha za freti zikikukwaruza ngozi, ujue mbao imekauka na kunywea, na hilo fundi hulimaliza kwa msasa mdogo.

Baada ya hapo tyuni gitaa: Mi, La, Re, Sol. Piga uzi ukiwa wazi, kisha bonyeza freti ya 12, iliyo katikati kabisa ya uzi, nawe utazame tyuna. Noti zote mbili zinapaswa kuwa ileile, moja ikiwa juu ya nyingine kwa oktava. Zikipishana kidogo, rekebisho ni la kusogeza vigango vya daraja, yaani vipande vidogo ambavyo kila uzi hulalia. Zikipishana sana ilhali vigango vimeshafika mwisho wa nafasi yake, liache gitaa hilo. Zungusha vikazio vya kichwani mbele na nyuma, subiri dakika mbili, kisha tyuni tena uone kama uzi umeshuka wenyewe.

Umeme ndio wa mwisho. Chomeka kebo na utikise kichomeo chake taratibu ndani ya jeki. Sauti ikikatika, mara nyingi kosa ni lehemu iliyoachia, na hilo ni dogo ukilipunguzia kwenye bei. Zungusha kila kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza mikwaruzo ya vumbi. Gonga kila pikapu kwa upole kwa kitu kidogo cha chuma, mfano funguo, uhakikishe kuwa inasikika kwenye spika. Mwisho, acha kugusa nyuzi, kisha ziguse tena. Mvumo unaopungua unapogusa unamaanisha kwamba waya wa ati (wa kupeleka umeme ardhini) uliounganishwa na daraja uko mahali pake. Mvumo ukiongezeka, kuna tatizo la waya, ama ndani ya gitaa ama katika umeme wa jengo lenyewe, na inafaa kujaribu kwenye soketi nyingine kabla ya kulihukumu gitaa.

Kuhusu jina, nitasema kwa ufupi. Maandishi ya kichwani hubandikwa na mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Gitaa la Squier, Yamaha au Ibanez la bei ya kati lililopita majaribio haya litakufanyia kazi kwa miaka mingi, na kuna mengine yasiyo na jina lolote ambayo nimeyapiga kwa furaha.

Dai risiti yenye namba ya gitaa, hata kama muuzaji ni mtu binafsi na risiti yenyewe ni karatasi ya daftari yenye sahihi mbili. Vyombo vya muziki huibwa makanisani na kwenye magari ya bendi, na asiye na karatasi ndiye atakayeulizwa polisi.

Hatua ya nne: amplifaya ya mtumba na volti zake

Hapa pameteketeza vyombo vingi. Amplifaya iliyotoka Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120, ilhali soketi zetu Tanzania zinatoa 230 na za Kenya 240. Ukichomeka moja kwa moja, fyuzi ikiwahi kukatika umepona, na isipowahi utanusa harufu ya transfoma inayoungua. Geuza amplifaya na usome kibati cha nyuma kabla ya jambo lolote. Ikiwa imeandikwa volti 100 au 120 peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati ambazo amplifaya inakula, na gharama yake uihesabu ndani ya bei ya ununuzi. Zipo amplifaya zenye swichi ya kubadili volti nyuma, nazo uhakikishe imewekwa upande sahihi kila inaporudi kutoka kwa mtu uliyemwazima.

Hatua ya tano: lirekebishe gitaa lifuate mkono wako

Gitaa jipya dukani halijarekebishwa kwa ajili ya mtu yeyote. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Nafasi inayofaa ni karibu milimita 0.3, unene wa kadi ya biashara. Ikizidi, kaza chuma cha shingo robo mzunguko, si zaidi, uache gitaa lipumzike hadi kesho, upime tena. Nafasi isipokuwepo kabisa, legeza kwa kiasi hichohicho. Kisha shusha au pandisha vigango vya daraja hadi uzi mnene uwe kiasi cha milimita 2.5 juu ya freti ya 12 na uzi mwembamba kiasi cha 2. Mpigaji mwenye mkono mzito apandishe kidogo zaidi, la sivyo nyuzi zitagonga freti. Malizia na freti ya 12 kama ulivyofanya dukani: noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, rudisha kigango nyuma mbali na shingo, na ikiwa chini, kisogeze mbele.

Sisi wa pwani tuna kazi ya ziada. Unyevu wa masika huibadilisha shingo, na gitaa lililokuwa laini mwezi Januari huwa na nyuzi zilizoinuka mwezi Mei, kwa hiyo kipimo hiki hurudiwa angalau mara mbili kwa mwaka. Chumvi ya hewa na jasho hula nyuzi na skrubu za daraja, na kitambaa kikavu cha kufutia baada ya kila onyesho huongeza maisha yake kuliko dawa yoyote ya kupulizia. Nyuzi zikichoka na bei ya mpya ikakushinda, zichemshe kwa dakika kumi, zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha, nazo zitang'aa tena kwa wiki chache.

Hatua ya sita: siku ya onyesho

Fika mapema, kabla ya wapambaji kumaliza kazi ikiwezekana, kwa sababu soketi nzuri huwahiwa na wapishi na watu wa taa. Kabla hujapiga noti yoyote, gusa kipaza sauti kwa nyuma ya mkono huku mkono mwingine ukiwa umeshika nyuzi. Ukihisi mwasho wa umeme, usiimbe na usikaribie kipaza sauti mpaka fundi mitambo ahakikishe kwamba amplifaya yako na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) vinachukua umeme kwenye soketi moja yenye ati. Jambo hili halina mzaha, hasa pale ambapo ukumbi unatumia jenereta.

Mwombe fundi aichukue besi kwa kisanduku cha DI, kinachounganisha gitaa moja kwa moja na mitambo, kwenda kwenye mikisa, na amplifaya yako ibaki ya kukusikilizisha wewe na mpiga drams. Wakati wa kujaribu sauti, simama kwenye sakafu ya wachezaji mara moja, mwenzako apige, usikie kinachofika kule. Ukiwa jukwaani besi huonekana ndogo, nawe hujikuta unapandisha kitufe, kumbe kule mbele meza za wageni zinatetemeka na maneno ya mwimbaji hayasikiki.

Katika upigaji wenyewe, sikio lako likae kwenye kiki, ngoma kubwa ya drams inayopigwa kwa mguu. Noti yako na kiki vikianguka pamoja, wachezaji hupata ardhi ya kukanyaga. Vikipishana hata kidogo, watu hukaa chini bila kujua kwa nini. Sikiliza kwa makini rekodi za Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, ambamo besi ilipigwa na Tom Malanga, na rekodi za DDC Mlimani Park ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka huohuo. Utasikia kuwa besi ya kwetu huimba, ina sentensi zake, na baada ya kila sentensi hunyamaza ili rithimu na solo zipate nafasi. Ukimya huo hutengenezwa kwa mkono. Kidole cha kushoto kikiachia mbonyezo bila kuinuka kutoka kwenye uzi, noti hukatika safi, na kidole gumba cha kulia kikilalia nyuzi usizozipiga, hazitetemeki zenyewe. Fanya zoezi hilo nyumbani kwa noti mbili tu, dakika kumi kila siku, ukihesabu urefu wa ukimya kwa uangalifu uleule unaohesabia noti. Ni zoezi ninalolipenda kuliko yote, na ndilo lililobadilisha upigaji wangu.

Wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamsha wachezaji, kishawishi ni kuongeza noti. Chagua sentensi fupi moja na uishikilie, kwa kuwa solo ndilo linalozunguka na wewe ndiwe nguzo linayoizunguka. Mwimbaji akibadili ufunguo ghafla kwa sababu bwana harusi ameomba kuimba mwenyewe, tazama mkono wa kushoto wa mpiga rithimu, piga noti ya mzizi peke yake kwa mizunguko miwili, na ufunguo ukishatulia ndipo urudishe sentensi yako.

Hatua ya saba: kuuza bila kujutia

Utakapotaka kuuza, usilipake gitaa rangi mpya, kwa maana mnunuzi mjuzi atajiuliza kinachofichwa. Lisafishe, lifunge nyuzi nzima, lirekebishe kama ilivyoelezwa hapo juu, na ulipige picha za mbele, nyuma, kichwa, freti kwa karibu na kila mkwaruzo ulipo. Taja kasoro zote kwenye tangazo lenyewe. Mnunuzi aliyeambiwa mapema kwamba kitufe kimoja kinakwaruza huja akiwa ameshakubali, ilhali anayegundua mwenyewe hupunguza bei mara tatu ya thamani ya kitufe.

Ikiwa uliwahi kubadili pikapu au vikazio, hifadhi vile vya asili na uamue kama utavirudisha. Mara nyingi gitaa lililorudishwa katika hali yake ya kiwandani huuzika haraka zaidi, na vifaa ulivyoongeza huuzwa peke yake.

Kutaneni mahali penye umeme na watu, mathalani ukumbi wa mazoezi wa bendi, na mwache mnunuzi apige kila freti kwa muda anaoutaka. Akilipa kwa simu, fungua akaunti yako uangalie salio, kwa kuwa ujumbe wa maandishi wa kuthibitisha malipo hughushiwa, na usiachie gitaa mpaka fedha uione ndani. Andikeni karatasi mbili zenye namba ya gitaa, tarehe, bei, majina na sahihi. Mkabidhi na kispana cha shingo, kwa sababu kila gitaa lina saizi yake, na kisichotoshea ndicho kinachokula kichwa cha chuma.